Maji Hayapandi Mlima kwa Methali

Ndugu wasomaji na waandishi wenzangu, naomba katika toleo hili tumpe mapumziko yule mama wa ndoo.

Mnamjua. Yumo katika hadithi zetu za vijijini karibu zote. Anaamka kabla jogoo hajawika, kajifunga kanga kibwebwe, mtoto mgongoni, ndoo kichwani, anashuka bondeni huku umande ukimlowesha miguu. Jasho lake linametameta kama shanga. Shingo haitikisiki. Mwandishi anammiminia sifa za uvumilivu mpaka wino unakaribia kumwishia, halafu hadithi inaendelea na mambo yake: mapenzi, uchawi, kijana aliyepotelea Dar. Hakuna hata mmoja wetu anayemsimamisha njiani na kumwuliza swali dogo tu: mama, bomba liko wapi, na hela yake ilikwenda wapi?

Mimi ni mtu wa Newala. Nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea, na sasa naandika riwaya ambayo imeshakula kaunta buku tatu. Mama wa ndoo yumo humo na atabaki humo, maana ni shangazi zangu na dada zangu. Ninachokataa ni kumfanya pambo. Tukimchora kama sehemu ya mandhari, kama mwembe au machweo, tunamwambia msomaji kwamba kiu yake imeletwa na Mungu na haina mwenyewe. Nami nasema kiu ya Uwanda wa Makonde ina mwenyewe, na anapatikana katika vitabu vya bajeti.

Kwa msomaji wa Mwanza au Dar ambaye hajafika huku, Uwanda wa Makonde ni kama meza kubwa ya mchanga. Upande wa Ruvuma meza hiyo inakatika ghafla. Ukisimama pale Newala kwenye ukingo tunaouita Shimo la Mungu, unaliona bonde lote limelala chini yako na Msumbiji ng'ambo ya pili. Mvua tunapata. Lakini udongo wetu ni wa kichanga, maji yanazama papo hapo, yanatembea chini kwa chini na kuja kuchomoza miguuni mwa meza: Mkunya, Mitema kule Kitangari, na Ndanda upande wa Masasi. Juu ya meza hakuna mto. Watu wa Newala na Tandahimba wanaishi juu, maji yanaishi chini. Masasi yenyewe iko chini, magharibi, kwenye tambarare ya vilima vya mawe, na shida yake ina sura nyingine ambayo nitaigusa. Mjerumani mmoja mchunguzi wa mila, Karl Weule, alipiga kambi Newala mwaka 1906 na kuliona jambo hili hili: maji ya mji yakipandishwa kutoka chini kwa vichwa vya watu. Ni zaidi ya miaka 100 sasa.

Hapo ndipo huingia bwana mmoja ambaye kila kijana wa huku amewahi kumsikia mkutanoni. Jina lake na ofisi yake naviacha. Bwana huyu husimama, hukohoa kidogo, na kusema, "Lakini wazee wenu si walichagua wenyewe kukaa juu?" Watu hucheka kwa adabu, na hoja inakuwa imekufa.

Haya, tuifufue. Wazee wa Kimakonde wanasimulia kwamba mtu wa kwanza alitoka porini, hajaoga wala kunyoa, akachonga sanamu ya mti na kuisimamisha nje. Usiku ukapita, asubuhi ikawa mwanamke. Wakakaa karibu na mto. Mtoto wao wa kwanza akazaliwa mfu. Wakasogea juu kidogo, na wa pili akafa. Wakapanda mpaka kileleni penye vichaka vizito, na wa tatu akaishi. Ukatoka wosia: wanangu, jengeni juu, msikae karibu na maji makubwa. Bwana wetu wa mkutanoni husikia hapo ushirikina. Mimi nasikia ripoti ya afya ya watu wasiokuwa na zahanati. Bondeni kulikuwa na homa. Karne ya 19 bondeni kulikuwa pia na misafara ya watumwa na mashambulizi ya Wangoni, na vichaka vya juu vilikuwa ngome ambayo haikuhitaji mawe. Wazee walichagua uhai wa watoto wao na bei yake wakailipa kwa miguu. Misafara ile imekwisha. Nani aliyeamua kwamba bei iendelee kulipwa na binti wa darasa la sita?

Na kama kuchagua mahali pakavu ni kosa, mbona Dodoma haiambiwi hivyo? Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie katika mkoa mkame unaojulikana na kila mtoto wa shule. Leo, mji ule unapokosa maji, wakubwa hawasimami kusema "mlichagua wenyewe". Wanazungumza habari za bwawa la Farkwa na bomba la kutoka Ziwa Victoria. Wala siwalaumu, ndivyo serikali inavyotakiwa kufikiri. Maji ya Ziwa Victoria yanasukumwa kutoka Ihelele mpaka Shinyanga na Kahama, na baadaye yakafikishwa Nzega, Igunga na Tabora. Kumbe maji yanaweza kupanda na yanaweza kusafiri mbali. Hayapandi kwa methali wala kwa nyimbo za Wiki ya Maji. Yanapanda kwa pampu, na pampu inataka fungu.

Sasa tuzungumze fungu, na wale wanaoona hesabu si kazi ya mtunzi wavumilie.

Kupandisha maji juu ya uwanda huu hakukuanza jana. Miaka ya 1950, chini ya Mwingereza, liliundwa Shirika la Maji la Makonde. Maji yakasukumwa kutoka mabondeni na watu wakayanunua kwa debe. Tusidanganyane kwamba ilikuwa huruma. Watu wenye maji karibu hulima zaidi. Ukaja uhuru, likaja Azimio la Arusha, na mwaka 1971 ukatangazwa mpango wa miaka 20: ifikapo 1991 kila Mtanzania wa kijijini awe na maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na asilipe. Wafini wakaingia mikoa ya Mtwara na Lindi miaka ya 1970, wakapima, wakachora ramani, wakachimba visima na kufunga pampu za mkono za Nira ambazo wazazi wetu wanazikumbuka kwa jina kama watu wanavyokumbuka aina ya gari. Mwaka 1993 mradi wao ukafungwa.

Mimi si mmoja wa wale wanaolilia maji ya bure ya enzi zile. Bure ile mara nyingi ilikuwa bure ya bomba kavu. Dizeli imekwisha, fundi yuko mkoani, spea ziko Ulaya. Lakini tazameni kilichofuata. Sera ya maji ya 1991, na kwa nguvu zaidi sera ya 2002, ikaleta lugha mpya: wananchi wachangie. Vijijini wachangie sehemu ya gharama za ujenzi, na gharama za uendeshaji wazibebe zote. Rais wakati huo alikuwa Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, mtu wa huku huku. Ilikuwa lugha ya wakati wake; wafadhili walikuwa wanaimba hivyo dunia nzima. Dar walikwenda mbali zaidi, wakayakabidhi maji ya jiji kwa kampuni ya City Water mwaka 2003, na mwaka 2005 serikali ikalazimika kuuvunja mkataba. Wa Dar walikuwa na magazeti ya kuwasemea. Sisi tulikuwa na mama wa ndoo, amesimama vizuri ndani ya hadithi.

Neno "kuchangia" lina sauti tamu, ya harusi na msiba. Lakini pimeni maana yake juu ya meza ya mchanga. Sheria ya bei za maji katika nchi hii ni kwamba kila mamlaka ipange bei kulingana na gharama zake, EWURA iitazame na kuipitisha. Kwenye karatasi ni haki tupu. Matokeo yake ni kwamba mji wenye mto mlangoni unapata maji rahisi, na mji wenye mlima mkali kuliko yote unapata maji ghali kuliko yote, hata kama wakazi wake ndio wenye mifuko myembamba. Umeme haukupangiwa hivyo. Uniti ya TANESCO ni bei moja kwa mteja wa Newala na mteja wa daraja lake Kinondoni. Hakuna anayemwambia mtu wa Newala alipie peke yake urefu wa nyaya zilizomfikia. Nchi nzima inabebana. Kwa nini waya ubebwe na taifa na bomba libebwe na kijiji?

Watajibu: kwa sababu gharama ya kupandisha maji Makonde ni kubwa mno, Hazina haiwezi. Nilipokuwa shule fizikia haikuwa rafiki yangu, ila hesabu hii hata mimi naiweza. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Tuseme inainuliwa mita 500 moja kwa moja. Kazi hiyo inataka uniti moja na theluthi hivi ya umeme kama pampu isingepoteza chochote. Pampu hupoteza, basi tuseme mbili na nusu. Zipige kwa shilingi 300 kila moja: ni 750. Zigawe kwa ndoo 50. Umeme wa kuipandisha ndoo moja kutoka bondeni mpaka Newala ni shilingi 15.

Shilingi kumi na tano, jamani! Ongezeni dawa, mishahara, vipuri, mabomba yanayovuja, hasara ya kupandisha kwa hatua; zidisheni mara kumi kabisa ili asitokee wa kulalamika, mnapata 150. Nyumbani kwetu, kiangazi kikikaza, ndoo tumeinunua 500, na kuna majuma bei hiyo tumeitamani. Kwa bei ya 500, uniti ya maji imetugharimu 25,000. Mwenye bomba ndani Dar es Salaam analipa chini ya 3,000 kwa uniti ile ile, na maji yakikatika siku mbili anapiga simu redioni. Simwonei wivu, apige. Nataka tu ifahamike kwamba kati ya 15 na 500 hakuna mlima. Mlima tumeshaulipia katika zile 15. Kinachojaza nafasi iliyobaki ni bomba lisilojengwa, pampu iliyolala ikingoja kipuri, mkokoteni, bodaboda, boza, na mfanyabiashara mwenye kisima.

Huyu wa kisima mngoje, nina neno naye. Juu ya uwanda, mwenye uwezo anaezeka bati, anafunga mifereji pembeni, anachimba kisima uani na kukisiliba saruji. Mvua ikinyesha anavuna. Mwenye nyumba ya nyasi havuni kitu. Ikifika Oktoba, wa bati anamwuzia wa nyasi maji ya mvua iliyowanyeshea wote wawili. Si mtu mwovu. Mara nyingi ni jirani mwema na anakopesha. Lakini waheshimiwa wanapotusifu kwa "ubunifu wa kuvuna maji ya mvua" wajue wanausifu mpango unaomfanya maskini awe mteja wa jirani yake kwa kitu ambacho taifa liliahidi kukifikisha ndani ya mita 400.

Na hivi sisi ni watu wa kusaidiwa? Hapa ndipo damu yangu huchemka. Msimu wa 2017/18 nchi hii ilivuna korosho zaidi ya tani 300,000, na mkoa wa Mtwara ndio uliobeba mzigo mkubwa: Tandahimba, Newala, Masasi, Nanyumbu. Mkorosho hauombi maji, unavumilia mchanga wetu, ndiyo maana tunafanana. Kila korosho ghafi inayotoka nchini inakatwa ushuru wa kusafirishwa nje. Kabla ya 2018 sheria ilirudisha asilimia 65 ya ushuru huo kwenye tasnia ya korosho. Mwezi Juni 2018 Bunge likaibadilisha, fedha yote ikaingia Mfuko Mkuu. Wabunge wa Kusini walipiga kelele mpaka sauti zikawakauka. Wakajibiwa kwamba fedha ni za Watanzania wote. Vizuri sana! Nakubaliana na jibu hilo kwa moyo mmoja. Basi na mlima uwe wa Watanzania wote.

Tangu mwaka wa fedha 2015/16 kila lita ya petroli na dizeli imekatwa shilingi 50 kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Maji. Bodaboda anayepandisha madumu kutoka bondeni anachoma petroli, na katika kila lita anautilia mfuko wa maji ambao haujamfikishia bomba. Mimi ningekuwa na kipaji cha kutunga vichekesho ningeishia hapo.

Na gesi? Wakubwa hawapendi tuitaje. Mwezi Januari 2013 Masasi iliwaka moto, na Mei mwaka huo Mtwara, na sitaki kuyashabikia yaliyotokea maana watu walikufa na mali za watu zikateketea. Lakini bomba lilijengwa. Kutoka Madimba mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, kwa mkopo wa China wa zaidi ya dola bilioni moja, na Oktoba 2015 likazinduliwa. Hakuna aliyesema umbali ni mkubwa mno. Hakuna kijiji cha Dar kilichoambiwa kiunde kamati ya gesi, kichangie na kumchagua mweka hazina. Serikali ilipotaka kitu kitoke Mtwara kwa bomba, ilijua namna ya kukopa, namna ya kuchimba na namna ya kulinda. Kipaji hicho hicho ndicho tunachokiomba kwa maji, tena kwa umbali mfupi zaidi.

Nimeahidi kuigusa Masasi. Masasi na Nachingwea zinalishwa na mradi wa Mbwinji, na aliyekuwa akiishi Masasi kabla yake hatadharau mabadiliko. Ila bomba kuu kupita barabarani si sawa na bomba kuingia uani. Kuunganishiwa ni kuchimba mtaro kwa gharama yako, kununua bomba, viungio na koki, kulipia fomu, kungoja dira. Mwenye duka anaungwa wiki hiyo hiyo. Mama ntilie anabaki kununua kwa mwenye duka. Hapo tena fedha ya umma imemfikisha farasi kisimani na kumwachia mwenye nguvu amnyweshe wa kwake.

Halafu kuna jambo ambalo watunzi tunaona aibu kuliandika: maji yakiingia nyumbani yanatoka yakiwa machafu. Mamlaka zetu zote siku hizi zina majina marefu, "Maji Safi na Usafi wa Mazingira", na neno safi limo mara mbili. Mfumo wa mabomba ya majitaka Masasi na Newala haupo. Kuna shimo. Likijaa, mwenye hela anaita gari la kunyonya. Asiye na hela, au ambaye nyumba yake iko uchochoroni ambako gari haliingii, anangoja mvua kubwa ya usiku na kutapisha choo, na asubuhi mtaa mzima unajifanya hauelewi. Kipindupindu kilipoanza Dar Agosti 2015 na kutembea nchi nzima hakikuuliza nani alichangia na nani hakuchangia.

London nayo ilikuwa hivyo. Mto Thames ulikuwa choo cha mji, na maskini walikuwa wakifa kwa kipindupindu mlipuko baada ya mlipuko huku waheshimiwa wakibishana ni kodi ya nani itumike. Kiangazi cha 1858 jua likawa kali, uvundo ukapanda mpaka madirishani mwa Bunge, ambalo limejengwa kando ya mto huo. Katika wiki chache tu sheria ikapita, fedha zikapatikana, na mhandisi Joseph Bazalgette akaanza kujenga mifereji ya chini kwa chini ambayo mji ule unaitumia mpaka leo. Ikumbukwe ilikuwa fedha ya umma. Hakuna aliyemwambia mwosha nguo wa mtaa wa mabanda aunde kikundi, alete asilimia zake, ndipo mfereji upite kwake. Bahati mbaya uvundo wa Masasi hauwezi kufika Dodoma kwa upepo, hata uvume vipi.

Hivi sasa kuna mkopo. Serikali ilikopa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India kwa ajili ya maji ya miji 28, na Makonde imo. Mikataba ilitiwa saini Ikulu ya Chamwino mwezi Juni 2022. Nimeipokea habari hiyo kwa furaha, sina unafiki wa kuponda kila kitu. Mitema ilihitaji kupanuliwa, matangi yalihitajika, mabomba ya miaka ya Mwingereza yalikuwa yamechoka. Lakini mkopo unajenga. Mkopo haulipi bili ya umeme ya mwezi Septemba mwaka wa tatu baada ya mkandarasi kufunga virago, wala haununui pampu ya akiba. Hapo ndipo miradi ya nyuma ilipofia, ya Mwingereza, ya Ujamaa na ya Mfini, kila mmoja kwa mtindo wake: ujenzi ulikuwa na mwenyewe, uendeshaji ukaachiwa walio chini. Kwa miaka mingi Makonde na Masasi–Nachingwea zimehesabiwa katika kundi la "miradi ya kitaifa". Jina zuri. Kama mradi ni wa kitaifa, gharama ya kuuinua mlima nayo iandikwe katika kasma ya taifa, kila mwaka, kwa tarakimu, ili ndoo ya kilula cha Newala iuzwe kwa bei ya ndoo ya kilula cha Temeke. Tulipe, ndiyo. Tulipe kama wengine wanavyolipa.

Najua nitakachoandikiwa. Kwamba hii si fasihi, ni hotuba ya diwani. Kwamba kazi ya mtunzi ni kuugusa moyo. Moyo wa nchi hii umeguswa sana na mama wa ndoo, umeguswa mpaka umeota sugu. Aliyesema hesabu haina machozi hajakaa na shangazi yangu mwezi wa kumi akipanga sarafu mezani, hizi za unga, hizi za daftari la mtoto, hizi za ndoo mbili, na akiziondoa za daftari kuziongeza kwenye ndoo. Kama hiyo si sura ya riwaya basi mimi sijui riwaya ni nini.

Kwa hiyo nina ombi, na mhariri ameniruhusu kuliweka hapa. Wewe uliyeko Newala, Tandahimba, Nanyamba, Masasi, Nachingwea, au popote uwanda unakoishia: andika bei ya ndoo mtaani kwako Oktoba na bei yake Machi. Andika ni hatua ngapi mpaka kilula, na ni siku ngapi katika juma kilitoa maji. Andika choo kikijaa mnafanyaje, bila haya. Majina ya wauzaji na ya majirani msiweke, hatuwatafuti wao. Aliye karibu na halmashauri aende kwenye mbao za matangazo anakili fungu la maji lilivyopitishwa, na chini yake kiasi kilichofika kweli, kama kimebandikwa. Karatasi yoyote inatosha, hata ya daftari la mistari. Tumeni kwa anuani ya jarida hili kabla mvua hazijaanza.